Maziwa ya Kupimiwa

Kazi yangu hospitalini ilikuwa kuwanyima watu chakula. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo walivyoniita, mnyimaji, na darasa langu la tatu halinipi neno zuri zaidi. Nilikuwa mhudumu wa wodi Karatu, miaka ile ya sabini ukame ulipomaliza ng'ombe wa Wamaasai. Hospitali ilinichukua kwa ajili ya lugha yao. Mimi ni Mwiraqw wa Kansay, ila utotoni baba alinipeleka kuchunga kwa rafiki yake Mmaasai kule Ngorongoro, mtu aliyenichapa asubuhi hata kabla sijakosea. Huyo tumwache.

Basi akaletwa binti kutoka upande wa Arash. Mama yake alimbeba mgongoni kama mtoto, naye binti alikuwa mwanamke aliyekwisha kuolewa. Mifupa mitupu. Sista mkuu, mama mkali ambaye sikuwahi kuyaona meno yake, akanipa kikombe kidogo cha bati. Maziwa yenye maji, kikombe kimoja kila baada ya saa mbili, basi. Alisema mtu wa njaa ya muda mrefu ukimshibisha ghafla moyo unashindwa, anavimba, anakufa tumbo limejaa. Nami nilishaona. Mzee mmoja tulimwachia sufuria nzima ya ugali kwa huruma, hakumaliza siku tatu. Kwa hiyo nilijua, hapo sijitetei.

Mama yule hakukubali. Kwao aliyedhoofika hupewa mafuta ya kondoo yaliyoyeyushwa, na kumpimia mtu maziwa kwa kikombe ni kumtukana. Tena anayepima ni Mwiraqw. Kila nilipopita aliwaeleza wagonjwa wengine kwamba maziwa ya mwanawe nakunywa mimi, ndiyo maana nina shavu.

"Mtu wa jembe," akaniambia siku moja, "wazee wetu walichukua ng'ombe wa babu yako. Sasa unawadai kwa mwanangu?"

Wodi ikacheka, hata watu wa kwetu walicheka. Nilimwita yeyo, kama wanavyomwita mama kwao, nikamwomba avumilie. Akatema mate karibu na kiatu changu. Mtu anaweza kuchoka kuchukiwa kuliko anavyochoka kufagia, hilo nimeliona mwenyewe.

Siku ya nne binti alikaa kitandani. Akaniuliza kwa nini masikio yangu hayana tundu, kama ya ndama. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Mchana huo ndugu zao walifika, na mama akaingia na kibuyu ndani ya shuka. Harufu niliijua kabla hajafungua: uji mzito wa maziwa, sukari nyingi, mafuta ya kondoo juu yake. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza hakunitukana.

"Geuka tu, mwanangu," akasema.

Aliniita mwanangu. Nikageuka. Nikaenda kukunja mashuka ambayo yalikuwa yamekwisha kukunjwa.

Kesho yake miguu ya binti ilivimba. Akawa anahema kama amepanda mlima, kisha akaacha kumtambua mama yake, akawa anamwita mbuzi wa kwao kwa jina. Sista akavuta kibuyu chini ya kitanda, akanusa, hakumuuliza mtu. Siku ya tatu tangu kibuyu kile, asubuhi, binti akafa.

Sista akatusimamisha pale pale, maiti ikiwa bado haijafunikwa.

"Mwambie amemuua mwenyewe. Usipunguze neno."

Nikamwambia, na sikupunguza. Mama hakulia. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa lugha yao, "Na wewe ulijua?"

"Anasema nini?" sista akauliza.

Nikasema anaomba kwenda kwao.

"Aende. Kitanda kinahitajika."

Nikamgeukia mama. Nikamwambia sista amesema uende, kitanda kinahitajika.