Mashine Iliyosubiri Kujaa

Mwanangu, iko asubuhi moja ya mvua ambayo haijanitoka moyoni mpaka leo, na nywele zimekwisha kuwa nyeupe. Nilikuwa msichana, nimetoka tu shuleni, nikifanya kazi kwenye maternité, hospitali ndogo ya kujifungulia, upande wa Kavumu. Nilisafisha vyombo vya upasuaji, kisha nikaviweka ndani ya mashine inayoua vijidudu kwa mvuke. Ilitegemea umeme, na umeme wetu unaujua, hauna saa. Ukikatika kazi ikiwa katikati, yote inaanza upya.

Mkuu wangu alikuwa maman Nsimire, mkunga aliyepokea watoto wengi wa vilima vya huko. Alinipenda kama binti yake. Lakini hakutaka mashine iwashwe kabla haijajaa.

"Tusipoteze courant, mutoto," alikuwa akisema, maana umeme tuliuita hivyo. "Ngoja ijae."

Siku hiyo tuliijaza kweli: mashuka, pamba, mikasi, na seti zote za upasuaji, hata ile ya akiba. Mzigo mzito hivyo unachelewa kupata joto. Umeme ukakatika. Uliporudi tukaanza upya, ukakatika tena. Jenereta nayo ilikuwa imekufa. Hapo ndipo wanaume wakaingia na machela, wamelowa, wamembeba Nabintu, mke wa mkulima mmoja wa huko juu. Mtoto alikuwa amekwama tumboni.

Daktari wetu alikuwa tayari kumpasua. Akaniuliza, "Vyombo viko wapi?"

Nikaelekeza kidole kwenye mashine. Vyote vilikuwa ndani, mvuke ulikuwa bado haujaviivisha.

Wakampakia kwenye gari kumpeleka hospitali ya Bukavu mjini. Barabara ilikuwa mashimo matupu. Nabintu alipona. Mtoto, hapana.

Maman Nsimire, aliyemsindikiza, alirudi jioni, akaketi bila kuvua koti lililolowa. Nilimpa chai, hakuinywa.

"Seti moja ingekuwa imeshaiva zamani," alisema. "Courant ya kwanza ilitosha. Mimi niliangalia nafasi tupu ndani ya mashine, sikumuangalia mama mwenye angeingia."

Kuanzia kesho yake, umeme ukija tu, seti moja ya upasuaji iliingia peke yake, kabla ya kitu kingine chochote. Mashuka yalifuata kidogo kidogo. Umeme haukubadilika, na maman Nsimire hakucheka tena kama zamani.

Mwanangu, unaanza kazi, na mashine utakayopewa itazimika siku usiyoijua. Usiipangie siku kana kwamba hakuna kitakachokatika. Tanguliza kile ambacho kikikosekana mtu atakufa au atalia. Kazi kubwa ikate vipande, ili ukipoteza, upoteze kipande. Na usione haya mashine ikienda nusu tupu. Hata hivyo kuna siku utashindwa, sikufichi.

Mungu wa baba zetu aende mbele yako kazini. Mlango wako ukigongwa na mwenye shida, akukute tayari.