Mgeni Rasmi Hakai Nyuma

Chekeni tu, najua habari hii mmeshaisikia kwa watu wengine na kila mtu anaipamba anavyotaka, wapo wanaosema mgeni rasmi alibaki kama alivyozaliwa (uongo mtupu, alibaki na koti na chupi), lakini leo nawasimulia mwenyewe, kwa sababu aibu ni yangu na hasira ni zangu, na atakayenikatiza namwacha hapa hapa na chai yake naondoka.

Dada yangu Perpetua ni mjane. Zile enzi za vijiji vya ujamaa walihamishiwa kule chini, kando ya bwawa lililoachwa na shamba la katani, na hawajakaa sana mumewe akafariki, akamwachia watoto na jembe. Na nyie mnatujua sisi Waluguru, mtoto wa dada anamtegemea mjomba wake, na mjomba mwenyewe ndiye mimi, fundi redio wa Morogoro mjini ambaye siku nyingine hata betri ya kujaribia redio za watu sina. Kilichotuokoa ni mtumbwi. Mzungu mmoja wa mradi wa samaki alipomaliza muda wake aliwaachia kikundi cha wavuvi mtumbwi wa plastiki ngumu, mwembamba kama ganda la ndizi, wa kukaa watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na mashine ya kuonyesha samaki, kisahani chenye taa nyekundu inayomweka kama radi penye namba ya kina cha maji, na samaki akipita chini inamweka mara ya pili. Perpetua ndiye aliyekuwa anakaa nyuma. Perege walikuwa wanatoka, watoto walikuwa wanakula na kwenda shule wameshiba, na mimi mjomba mtu nilikuwa nalala usingizi.

Basi ikaja taarifa kwamba kuna mkubwa kutoka mkoani anakuja kuuona huo mtumbwi ukifanya kazi, na akiridhika utabaki kijijini moja kwa moja, asiporidhika unapelekwa mkoa mwingine wenye ziwa la maana. Ndiyo hayo tu. Aone taa inamweka, apige makofi, ale wali, aende zake. Hata kondoo angeweza kuifanikisha shughuli hiyo kama mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Kibwana, asingekuwepo.

Mzee Kibwana akaniita kutoka mjini. Namwamkia shikamoo, hata kuitikia vizuri hajaitikia.

"Fundi, mgeni rasmi atakaa wapi humu?"

"Akae nyuma mzee, ndiko iliko mashine, ataiona vizuri."

Akanitazama kama nimemtukana mama yake. "Mgeni rasmi hakai nyuma."

"Basi akae mbele, Perpetua atakuwa anamsomea."

"Asomewe na mtu aliye mgongoni kwake? Awe anageuza shingo kama kuku? Hamisha mashine, iende mbele."

Kuhamisha mashine si kazi, ni skrubu tu. Kazi ilikuwa lile walilokuwa wanaliita sikio, kidude cha duara kama kopo la dawa ya viatu, kilichogandishwa ndani kwenye sakafu ya mtumbwi, chini ya kiti cha nyuma. Hicho ndicho kinachotuma sauti chini kupitia plastiki na kuisikiliza inavyorudi, na waya wake ulikuwa mfupi, kwa hiyo mashine ikienda mbele na sikio lazima liende mbele. Perpetua alikuwa amesimama pale na kasia lake, akasema, "Kaka, liache. Linafanya kazi." Na mimi (hapa ndipo ninapotamani kujizaba vibao hadi leo), kwa kuwa watu walikuwa wanatazama na nimeitwa fundi mbele yao, nikasema, "Hii? Hii kazi ndogo."

Gundi ya mzungu ilikuwa ngumu kama jiwe. Nikapasha kisu moto, nikachokoa, nikachokoa, kisu hakipiti, nikachukua tindo, nikagonga kidogo, nikagonga tena kwa hasira, sikio likabanduka na sakafu ikalia kach! Nikainama kutazama, nikaona ufa mwembamba kama unywele. Nikajisemea nitauziba na gundi hiyo hiyo nitakayogandishia sikio.

Gundi ipi sasa? Nyie mnaikumbuka ile miaka, duka la ushirika lina rafu tupu na muuzaji anayepiga miayo, sabuni yenyewe mpaka umjue mtu, sembuse gundi. Nilizunguka mjini mpaka kwa mafundi viatu, hakuna. Ndipo akili yangu ya kwetu Matombo ikanidanganya. Utotoni tulikuwa tunategea ndege kwa ulimbo wa fenesi, na ndege akinasa pale hatoki, sasa sikio litatokaje? Nikatafuta mafenesi mabichi, nikakinga ule utomvu, nikauchemsha kwenye kopo mpaka ukawa mzito, umejaa mapovu madogo madogo, nikaumwaga chini ya kiti cha mbele bila ubahili, nikabandika sikio, uliobaki nikaziba nao ufa. Leo najua kwamba sauti ikikutana na hewa inaishia hapo hapo, na yale mapovu yote yalikuwa ni hewa. Siku hiyo nilijua kitu kimoja tu, kwamba unanata.

Nikaunganisha betri, taa ikawaka. Mwenyekiti akapiga makofi! Taa imewaka mtumbwi uko juu ya majani, mtu mzima anapiga makofi! Perpetua akasema tuushushe majini tuujaribu.

"Haiwezekani," akasema Mzee Kibwana. "Haujazinduliwa."

"Mzee, tunauvulia tangu masika."

"Haujazinduliwa rasmi. Ukilowa leo, kesho mgeni atazindua nini?"

Mnaona watu niliokuwa nafanya nao kazi? Wakaufunga utepe na maua, wakamweka mgambo aulinde usiguse maji.

Kesho yake mgeni rasmi akaja, mtu wa mwili haswa, suti ya Kaunda imepigwa pasi mpaka inakata. Kina mama wanaimba, watoto wa shule wamepangwa kwa mstari, utepe ukakatwa. Perpetua anasogea kushika kasia, mwenyekiti akamzuia kwa mkono, eti maelezo ya kitaalamu atayatoa fundi, hivyo fundi ndiye apande nyuma. Mimi! Mtoto wa milimani, maji mengi niliyowahi kuyaona kwetu ni ya kijito, kasia sijawahi kulishika, kuogelea ndiyo usiseme. Ningekataa. Mdomo nilikuwa nao. Lakini kina mama walikuwa wameanza kunitaja kwenye wimbo, nikapanda.

Tukasukumwa. Nikapiga kasia, mtumbwi ukazunguka. Nikapiga upande wa pili, ukazunguka kurudi ulikotoka. Watu ufukweni wakadhani ni sehemu ya maonyesho, wakashangilia.

"Fundi, hapa inaonyesha sifuri," akasema mgeni rasmi. "Sifuri maana yake nini?"

"Maana yake, ndugu mgeni rasmi, bado haijazoea."

"Haijazoea nini?"

"Maji."

Akageuza shingo kunitazama. Kidogo akasema, "Na haya yanayoingia miguuni kwako ni kawaida?"

Nikatazama chini. Ufa ulikuwa umefunguka, maji yananifika kwenye vifundo vya miguu na yanapanda. Nikapiga kelele (sauti nyembamba, wenzangu, hata mimi sikuitambua), na mgeni rasmi akataka kusimama. Hakusimama. Ule ulimbo niliomwaga bila ubahili ulikuwa umepanda mpaka kwenye kiti na haukuwa umekauka, sasa suruali ya mkubwa imenasa kama ndege wa Matombo. Akajivuta, nikamvuta, mtumbwi ukalala ubavu, na kitambaa kikachanika kwa mlio ambao naamini ulisikika mpaka mjini.

Maji yalikuwa ya kifuani. Tungeweza kutembea tangu mwanzo! Mgeni rasmi akatoka bwawani na koti na chupi, suruali imebaki mtumbwini, kina mama wamekata wimbo katikati, na mmoja wao akafungua kanga yake ya juu akamkimbilia nayo. Wali hakula.

Kwenye mkutano wa kijiji Mzee Kibwana alisimama akasema tatizo lilikuwa fundi wa mjini kutumia ulimbo. Nikasimama na mimi, nikamweleza mbele ya watu habari ya mbele na nyuma, habari ya utepe, habari ya kumnyang'anya dada yangu kasia, nilipiga kelele mpaka mate yakanikauka. Watu wakatikisa vichwa, wengine wakasema kweli, kweli kabisa. Haikusaidia kitu. Lori lilikuja, mtumbwi ukapakiwa na mashine yake na sikio lake, ukaenda mkoa mwingine.

Toka siku hiyo mtu akiniletea kitu kinachofanya kazi anataka nikihamishe, nikisogeze, nikipendezeshe, namwambia kirudishe kwako, na akibisha namtoa dukani. Nimeapa, na mimi siapi mara mbili.

Lori lilipoondoka nilimfuata Perpetua ukingoni. Alikuwa ameshaingia majini na kanga yake mpaka kiunoni, anarusha ndoano kama zamani kabla ya mtumbwi, na nikaanza tena, mwenyekiti hivi, mwenyekiti vile, mtu wa namna gani yule. Akaniacha niseme mpaka nikachoka, macho yake kwenye ule uzi.

"Kaka," akasema, "mwenyekiti simlaumu. Mwenyekiti si mjomba wa wanangu."