Nguo ya Kijani Karibu na Dirisha

Hasna Makame alijihesabu miongoni mwa watu wanaoijua Guangzhou. Kwa miaka sita alikuwa akitoka Unguja kwenda huko kununua mabuibui na mapazia, na kila safari alipanga chumba kilekile cha ghorofa ya tatu nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu. Alijua duka lipi lina kitambaa kizito na lipi lina cha kudanganyia macho. Alijua pia kwamba laoban, bosi wa duka, akikwambia "meiyou", hakuna, mara nyingine kitu kipo, ila bosi hataki kuinuka kitini.

Jambo moja tu hakulijua: hali ya hewa ya mji ule baada ya mwaka mpya wa Kichina. Kila mwaka viwanda vikifungwa kwa sikukuu, alifungasha akarudi kwao, na alipokuja tena ilikuwa Aprili. Ile miezi ya katikati aliisikia kwa jina tu, na kusema kweli hata hakuiulizia.

Mwaka huu alibaki. Bintiye wa pekee, Fathiya, alikuwa anaolewa Ijumaa ya mwisho ya Shaabani, kabla ya mfungo. Kwenye simu Fathiya alimwambia mara tatu, "Mama, wewe njoo tu. Mengine yapo." Hasna aliyachukulia maneno hayo kuwa ni haya ya bibi harusi. Yeye anayewavisha watoto wa wenzake, mwanawe aozeshwe akiwa amevaa nguo ya dukani? Basi akaenda Kangle, kwenye vyumba vya kushonea vinavyotoa maelfu ya vipande kwa siku, akamsihi fundi mmoja amshonee nguo moja tu, ya kijani, yenye nakshi za dhahabu kifuani. Fundi alicheka sana, kisha akakubali, kwa sharti la kusubiri mafundi wake warudi kutoka makwao. Nguo ikawa tayari Jumatano. Ndege ya Hasna ilikuwa Jumatatu inayofuata.

Jumatano hiyo baridi ilikuwa ya kutesa. Ndani ya chumba kulikuwa kubaya kuliko nje, kuta zimekuwa barafu, na Hasna alilala na koti. Asubuhi alipitia kwenye jengo la Tianxiu Dasha kwa Burhani, wakala wa mizigo kutoka Dar aliyejua kusoma Kichina, akamwomba amsomee utabiri wa hali ya hewa kwenye simu. Burhani akasoma: kaskazini mwa jimbo barafu barabarani, hapa mjini digrii tano, kuanzia Ijumaa upepo wa kusini, joto, kisha mvua.

"Na mwishoni wanasema watu wafunge madirisha," akaongeza.

"Baridi ikija?"

"Hapana. Joto likija."

Wakatazamana, wakacheka. Burhani alikuwa na ofisi isiyo na dirisha hata moja, kwa hiyo suala hilo halikumhusu. Hasna akatoka akisema moyoni kwamba watu hawa wana mambo yao.

Ijumaa joto likaja kweli, kama mtu aliyefungua mlango wa jiko. Hasna alivua koti, akamshukuru Mungu, akafungua madirisha yote mawili. Chumba kilikuwa kinanuka unyevu, na kwao dawa ya unyevu ni hewa, hilo halina mjadala. Akaifukiza nguo kwa udi kama inavyopasa nguo ya bibi harusi, halafu akaitundika dirishani, mahali penye hewa nzuri kuliko pote.

Haukupita muda Ayi Huang, mama mwenye nyumba, akaingia. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mkono mzito. Alisema maneno mengi ambayo Hasna hakuyapata hata robo, akaenda moja kwa moja kwenye madirisha, akayafunga kwa kishindo, akatoka. Hasna akaumia. Miaka sita hajawahi kuchelewesha kodi, leo udi wake umekuwa uvundo kwa majirani? Akayafungua tena.

Jumamosi aliamka akakuta sakafu ina maji. Akadhani bomba limepasuka, akapanda ghorofa ya juu kuuliza. Huko nako ukumbini maji. Akapiga deki, maji yakarudi. Kuta zilikuwa zinatoa jasho, matone yakishuka kutoka juu hadi chini, na nje hakujanyesha bado. Kichwa kilimzunguka. Kadiri alivyozidi kutafuta hewa ndivyo chumba kilivyozidi kulowa. Ayi Huang akaja akafunga, Hasna akafungua. Akaja akafunga tena, safari hii akipiga kelele, na Hasna naye akamjibu kwa Kiswahili, maana hasira haina tafsiri. Usiku mvua ikaanza.

Jumapili asubuhi akaigusa nguo. Maji yaliyochuruzika kwenye nondo za dirisha yalikuwa yameipitia begani hadi kiunoni, na kila yalipopita yaliacha mstari wa kutu. Nakshi za kifuani zilikuwa kahawia. Hasna akakaa kitandani na nguo mapajani, hata kulia hakuweza.

Ayi Huang alimkuta hivyo. Aliitazama nguo, akamshika Hasna mkono, akamshusha hadi chumbani kwake chini. Madirisha yalikuwa yamefungwa kabisa, nyufa zimezibwa kwa magazeti. Akauchukua mkono wa Hasna akaubandika ukutani. Ukuta ulikuwa mkavu.

Hapo ndipo Hasna alipoelewa. Kuta zilikuwa bado na baridi ya Jumatano, na upepo wa kusini ulikuja umebeba maji, ukayaacha kila ulipogusa penye baridi. Yeye ndiye aliyeukaribisha. Na nguo aliyoipenda kuliko zote ndiyo aliyoiweka mlangoni kwa mgeni huyo. Aliona aibu, akaona na huzuni, asijue kipi kimetangulia.

Akampigia fundi wa Kangle. Nyingine itakuwa tayari Ijumaa. Ijumaa ndiyo ndoa. Akahesabu, akahesabu tena, akampigia Fathiya kumwambia ataahirisha ndege, wasogeze ndoa hata siku tatu, maana nguo imeharibika. Alieleza yote, udi, madirisha, kuta, akijichanganya, akirudia.



"Mama," akasema Fathiya, "nguo mimi sikukuagiza. Nilipomaliza skuli hukuwepo. Nilipochumbiwa hukuwepo, ukaleta sanduku. Safari hii nilikuagiza wewe."

 

"Nakuja kesho," akasema Hasna.

"Na nguo?"

"Naileta hivyohivyo. Uione tu."

Akapanda chumbani, akaikunja nguo ya kijani, mistari ya kutu kwa ndani, akaiweka chini kabisa ya begi. Kisha akaenda kwenye madirisha, akayafunga yote mawili.