Shemeji Aliyenivunja Kichwa Ndiye Ananilisha Mtori

(Jina la mwandishi tunalificha kama alivyoomba. Mhariri.)

Wasomaji wenzangu, mimi ni mjane wa miaka thelathini na moja, naishi Mwika. Naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia bado hauna nguvu. Barua hii imenichukua siku nne, maana nikiinama kidogo tu kichwa kinagonga na herufi zinacheza.

Marehemu mume wangu aliniachia kihamba, shamba la ukoo la kahawa na migomba. Mdogo wake akakitaka. Nilipokataa, alinipiga mchi wa kichwa. Nilizinduka hospitalini Moshi baada ya siku tisa, sijui hata jina langu. Nikitaka maji, nilisema "jembe". Na watu wote walikuwa wameshaambiwa kwamba nilianguka kwenye ngazi nikikata ndizi.

Sasa ni wiki ya sita niko nyumbani. Shemeji huja kila mchana kunilisha mtori wa ndizi, watu wakimwona. "Kula, shemeji. Ulianguka, unakumbuka?" Nakumbuka mpaka kifungo kilichokosekana kwenye shati lake siku ile.

Juzi alinipeleka barazani kwa Mangi, chifu wetu, ili apewe kihamba, eti mimi akili zimeruka. Wiki nzima nilikuwa nimejizoeza maneno matatu: alinipiga kwa mchi. Nikasimama, ulimi ukanisaliti. "Alinipiga kwa... kwa mbuzi." Baraza zima likaangua kicheko. Yeye alicheka mpaka akafuta machozi. Mangi akaahirisha shauri hadi mwezi ujao.

Tuliporudi, mama mkwe, ambaye ndiye ananiogesha tangu nitoke hospitali, alipiga magoti.

"Mwanangu, nilikuwa mlangoni. Nilimwona. Lakini nimebakiwa na huyo mmoja tu. Nihurumie."

Nikamjibu polepole, neno kwa neno: "Utasema wewe, mama. Au utoke kwangu."

Tangu siku hiyo mama hali chakula vizuri. Ananiogesha huku analia. Akimshitaki mwanawe, ukoo utamtenga, najua. Na bado nataka shemeji asikie jina lake likitoka kinywani mwa mama aliyemzaa, mbele ya watu walewale walionicheka. Nikiliwaza hilo, ndipo kichwa hunitulia.

Nimlazimishe, au ningoje ulimi wangu upone? Nishaurini, ndugu zangu. Ila asiniambie mtu nisamehe.