Spika Zilizokikimbiza Kijiji

Nakumbuka siku moja nilivyopanda pikipiki ya ofisi ya afya, kichwa kimevimba kwa majivuno, na jana nimeikumbuka tena, mwanangu, uliponionyesha kwenye simu zile spika unazotaka kufunga kwenye pikipiki yako ya safari. Umesema zinatikisa vioo vya madirisha. Umesema ukipita Chiungutwa, hata aliyelala ataamka. Nilicheka, ukadhani nimefurahi. Kaa basi nikueleze nilichokuwa nacheka, chai bado ina moto.

Miaka ile ndiyo watu wanahamia vijiji vya ujamaa, na ng'ambo ya Ruvuma wenzetu wa Msumbiji walikuwa wanapigana na Mreno. Huku Newala vita ile hatukuisikia redioni tu. Ndege zilikuwa zinavuka mto. Vijiji vya bondeni vilichimba mahandaki nyuma ya nyumba, na mtoto anayejifunza kuongea tayari alijua kulala kifudifudi akisikia mngurumo. Hayo yote niliyajua vizuri, na bado siku hiyo hayakunijia akilini.

Surua ilikuwa inatumalizia watoto. Chanjo ilipofika, ikapangwa kwamba mimi nitangulie na pikipiki niwaite akina mama, na nesi aje nyuma na Land Rover, akute wamekusanyika. Dawa ilikaa kwenye sanduku la barafu, na kwa jua la bondeni barafu haikai. Nesi wetu alikuwa Mama Anna, mtoto wa mwalimu wa kanisa, mtu mpole lakini hana mchezo na kazi.

Kwa kuwa nilijua kidogo mambo ya redio, wakaniachia nichague vyombo mwenyewe kwa fundi pale Masasi. Fundi alinitolea spika moja ndogo ya tarumbeta na amplifaya yake ndogo. Maneno yalitoka mepesi, kila herufi mahali pake. Kisha akanitolea tarumbeta mbili kubwa na amplifaya nzito iliyopata moto utafikiri jiko. Nilipopuliza tu kwenye maikrofoni, kuku wote wa jirani wakatawanyika. Sikuuliza kama maneno yanaeleweka. Nikasema, "Hizi ndizo zangu." Maikrofoni nikaifunga kwenye usukani, juu kidogo ya injini, niweze kutangaza huku naendesha. Ujana, mwanangu, una raha zake.

Tukateremka asubuhi kwenda bondeni. Nilipokaribia kijiji cha kwanza nikawasha amplifaya, nikaifungulia mpaka mwisho. Kabla sijatamka neno, maikrofoni ilikwishaudaka mlio wa injini na kuutoa kwenye zile tarumbeta mbili, mzito, unakuja, unazidi kuja. Nikapaza sauti, "Akina mama, leteni watoto!" Mwenyewe sikujisikia.

Nilipoingia kijijini hapakuwa na mtu. Sufuria ziko motoni, kitenge kimeanguka njiani, mbuzi analia kwenye kamba. Alikuwepo bibi mmoja tu, Bibi Hawa, balozi wa nyumba kumi, amekaa kando ya kinu kwa sababu goti halikumruhusu kukimbia. Nikazima kila kitu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye ndege?"

Nikashuka kwenye pikipiki.

"Nimekuuliza, mjukuu wangu. Umekuja kutuita, au kutufukuza? Watu hawa wamelala mahandakini, wengine wamekwenda porini na watoto mgongoni. Chombo kikubwa hivyo, na hakuna hata mmoja aliyekisikia kinasema nini!"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Akaniomba mkono, nikamwinua, tukapita handaki kwa handaki, yeye akiinama na kusema kwa Kimakonde, taratibu, kwamba ni pikipiki ya chanjo. Watu wakatoka wakijikung'uta mchanga. Mama Anna alipofika akawachoma watoto haraka haraka, kisha akatazama barafu yake, akaondoka kuwahi kijiji cha pili. Aliniambia nimfuate, safari hii bila makelele. Mimi nikabaki nyuma nikikaza waya uliolegea.

Ndipo akatokea Mama Zuhura, mwanamke kijana, anahema, miguu imechanwa na miiba, Zuhura mgongoni. Yeye ndiye aliyekimbia mbali kuliko wote. Akaangalia huku na huku.

"Sindano iko wapi?"

"Imeondoka, mama."

"Mwanzo wa mwaka nilizika mmoja kwa surua," akasema. "Huyu ndiye niliyebaki naye. Mbona mlinikimbiza?"

Mwanangu, nimekemewa na wakubwa wengi, lakini hakuna maneno yaliyoniingia kama yale. Sehemu ya kukaa abiria ilijaa zile tarumbeta na amplifaya yake. Nikachukua spana, nikafungua vyote, nikaviweka mchangani mbele ya Bibi Hawa. Nikampakia mama na mwanawe.

Kijiji cha pili tulimkuta Mama Anna amesimama peke yake karibu na gari, kimya kote, maana mngurumo wa asubuhi ulikuwa umewafikia na watu wa pale, nao wamejificha. "Spika ziko wapi?" akauliza. Nikamwambia nimeziacha. Zuhura akachomwa pale pale, akalia kwa hasira, na mama yake akalia pia, ila kwa kucheka. Kisha akajifunga kanga vizuri, akaanza kwenda mlango kwa mlango: "Tokeni jamani! Hakuna ndege, ni huyu kijana na pikipiki yake! Mwanangu ameshachomwa, mwoneni!" Walitoka. Barafu ilikwisha baada ya mtoto wa mwisho.

Kwa hiyo sikukatazi kununua, mwanangu. Nunua. Lakini usinunue majigambo ya mwenye duka. Tafuta spika na amplifaya zinazolingana nguvu, maana amplifaya inayozidi itaichana spika, na ndogo ikilazimishwa itakoroma. Upepo wa barabarani hula besi, basi tafuta inayotoa maneno safi. Maikrofoni kaa nayo mbali na injini. Ukishafunga, mpe rafiki yako aendeshe, wewe kasimame mbali, na mtu mzima mmoja, na mama mwenye kichanga, usikilize kama wao wanavyosikiliza. Na kabla ya kuwasha mahali popote, jiulize watu wa pale wamepatwa na nini. Hata leo kuna nyumba zina msiba, kuna mgonjwa, kuna wazee ambao mlio fulani bado huwashtua. Mmoja wao unakunywa naye chai.

Mungu akulinde kwenye barabara zote, mwanangu, kutoka Masasi hadi Newala na kwingine usikokujua. Akupe sauti ambayo watu wakiisikia watatoka nje kukulaki.