Siku Nilipomshawishi Komanda

Wakati wa vita, mto ulipofungwa na boti za Kinshasa zikawa hadithi, Kisangani ilijaliwa risasi kwa wingi na chumvi kwa kijiko. Papa, ndivyo tulivyomwita baba, mfanyabiashara aliyetoka Kivu ya Kaskazini na rozari mfukoni, alikuwa na depo iliyojaa mchele, ambao wadudu walikuwa wameanza kuuonja kabla ya wateja. Mchele huo ndio ulikuwa mali yetu yote. Ukiharibika, tumekwisha.

Bahati nzuri, nyumbani kulikuwa na msomi, yaani mimi, binti yake. Nilikuwa nimesoma biashara mpaka vita vikafunga chuo, na kwa akili zangu nyingi niligundua jambo ambalo hata mbuzi wa uwanja wa ndege wa Bangboka walikuwa wameliona: ndege ya jeshi ilitua imejaa askari, ikarudi mashariki tupu. Kwa nini isipeleke mchele wetu na kutuletea chumvi?

"Wewe ndiyo ulisoma," papa aliniambia. "Alors, utaongea wewe."

Nikaazima ubao kwenye shule moja ya Kabondo, tukaufunga kwenye baiskeli. Papa akabeba jogoo, maana mkono mtupu haulambwi. Komanda mwenye amri juu ya ndege alimpokea jogoo kwa heshima kuliko alivyotupokea sisi, kisha akakaa kusikiliza.

Jamani, niliongea! Nilichora ndege, nikachora magunia, nikachora mshale wa kwenda na wa kurudi. Chuoni tulifundishwa kwamba mteja aione faida kana kwamba iko mfukoni mwake tayari. Basi nilimwonyesha. Nikamweleza nani kule mashariki ananunua mchele, chumvi inapatikana wapi, na jinsi watu wa huku watakavyoigombania, hata familia za wavuvi kule kwenye maporomoko. Nilimkabidhi fisi bucha, nikamwonyesha na kisu kilipo.

"Donc, ndege inarudi bure?" aliuliza.

"Inarudi bure, komanda."

"Na chumvi kule iko mingi?"

"Iko mingi sana."

Akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema. "Bon. Mama, umeongea muzuri. Acha ile tablo hapa."

Tuliporudi, papa, ambaye hata kanisani haimbi, aliimba njia nzima.

Wiki chache baadaye chumvi ilifika. Ilifika kweli, magunia kwa magunia, katika depo mpya ya komanda pale kwenye mtaa uitwao komine ya Kisangani, na askari mlangoni. Mchele uliopanda ndege aliununua mwenyewe kwa wakulima. Wetu ulibaki, mpaka mama akawa anaupepeta na kuuuza kwa kopo, nusu mchele, nusu wadudu. Walimu wangu wangejivunia. Sijapata kumshawishi mtu namna ile tena.

Papa alipanga foleni kununua chumvi, pamoja na wateja wake wa zamani. Komanda akamwona, akamwita mbele ya wote.

"Papa, mutoto yako anajua kuongea!"

"Merci, komanda," papa alisema, akavua kofia.

Nilikuwa nyuma yake. Nilikuwa na hasira, na juu ya hasira, aibu. Tulirudi nyumbani. Mlangoni akaniangalia bila ukali wowote, na hilo ndilo lililoniuma.

"Mara ingine, mama," akasema, "ongea mubaya kidogo."