Matete ya Octave

Ninyi mnaolala kwenye matofali mekundu ya mtaa wa Kikula, gongeni ukuta: hilo ni tope la bwawa la njia ya Kamatanda, na aliyelichimba ni Octave. Ilikuwa miaka ile ya kuitana sitwayeni, yaani raia, majina ya ubatizo yamekatazwa, lakini majirani walijisahaulisha.

Bwawa lile lilikuwa na vyura wake, wa kijani na mstari wa dhahabu, ambao hatukuwaona kwingineko. Watatu wangekaa kwenye ukucha mmoja na bado wangegombea nafasi. Wakilia, padri alingoja wamalize ndipo aendelee na misa.

Octave hakuhitaji redio. Vyura wakilia mchana, alijua mvua inakuja; alikata matete ya ukingoni, akafunika matofali mabichi. Miaka saba hakupoteza tofali hata moja.

Kisha sauti zikapungua, akabaki chura mmoja. Octave akamwita jirani yake, mwalimu Hilaire.

"Mwalimu, bachura yangu beko wapi?"

Hilaire akafunua matete juu ya matofali. Chini ya jani palikuwa na ute mkavu wenye nukta nyeusi.

"Angalia. Huyu hatagi mu mayi ya bwawa. Anabandika mayayi ku jani, vitoto vikitoka vinaanguka mu mayi. Vya kwako vinaanguka ku matofari."

"Miaka yote saba?"

"Kila mara banalia, weye unakuya na panga."

Gertrude, mke wa Octave, akacheka. "Bwana yangu anafunika matofari na blanketi ya batoto ya benyewe."



Msimu ule kilibaki kichaka kimoja cha matete, upana wa mkeka. Matofali mabichi elfu sita yalikuwa wazi, ya nyumba yao wenyewe, maana mfyatua matofali wa Kikula nzima alikuwa bado analala ndani ya mabati matupu. Alasiri chura yule akalia.

"Kata, Octave," Gertrude akasema. "Mvula inafika. Nyumba yangu iyo."

Octave akaweka panga chini, akalikalia.

Mvua ikayeyusha matofali yote, na tope, wasiosadiki wakamwulize Gertrude, likarudi bwawani kwa miguu yake. Chura akaita siku tisa. Hakuna aliyemjibu.

Mwaka uliofuata matete yalistawi, majani mapana. Octave aliyapindua moja moja. Chini yake palikuwa pasafi, bila yai hata moja. Mvua ikamkuta hapo hapo, bila kutangazwa na chura yeyote.